Mlango wa Kutokea

Mpwa wangu alikuja Jumapili moja ya Agosti na karatasi kumi na nne kwenye bahasha. "Shikamoo, Mjomba." Nikamwitikia, nikamkaribisha kiti, lakini hakukaa. Alikuwa na jambo limemjaa kifuani.

Yeye na wenzake kumi na mmoja wanataka kununua ardhi upande wa Kisarawe waishi pamoja. Wengi wao walisoma chuo kimoja na wengine wameoana. Wameshachoka kulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kuwaachia watoto wadada wa kazi kuanzia alfajiri mpaka usiku, na kukaa na jirani miaka mitatu bila kumjua jina. Wanataka nyumba ndogo ndogo zinazotazamana, jiko moja kubwa, kisima, bustani ya mboga, na chumba cha watoto chenye mtu mzima wa zamu kila siku. Wanataka majirani waliowachagua wenyewe.

"Wewe ulikulia kijiji cha ujamaa, Mjomba. Tusomee hii, halafu utuambie ukweli."

Nilisoma usiku ule mpaka mwisho. Ilikuwa kazi nzuri, na nasema hivyo kwa moyo wote. Zamu za jiko zilikuwa zimepangwa, na maji machafu, umeme wa jua na hata kelele za muziki vilikuwa vimefikiriwa. Nilipomaliza nilirudi ukurasa wa kwanza nikaanza kutafuta kitu kimoja, kurasa zote kumi na nne, nisikione. Hapakuwa na mahali palipoeleza mtu akitaka kuondoka itakuwaje.

Sikulala vizuri. Yaliyonijia usiku ule nimeamua kuyaandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya vijana wengine ambao siku hizi nawasikia wakizungumzia jambo hili hili.

Nilizaliwa Umatengo, kwenye milima ya Mbinga, mahali ambapo watu hulima ngolo, yale mashimo yaliyopangana kwenye mteremko kama masega ya nyuki. Ardhi ilikuwa imegawanywa kati ya ndugu mpaka baba akabaki na kipande ambacho mama alikipalilia akamaliza kabla jua halijawa kali. Mwaka 1963, nikiwa na miaka minane, tukashuka kwenda nchi ya Songea. Habari zilikuwa zimefika za vijana wa TANU waliokuwa chini ya Ntimbanjayo Millinga. Mwaka 1960 vijana hao waliingia kwenye miombo ya Litowa kuanzisha kijiji cha kulima na kugawana kwa pamoja. Mwanzo wao ulikuwa mgumu, na baadhi walikata tamaa mapema. Waliobaki walikaza, na vijiji vingine vikafuata njia yao, vikajiunga katika chama kilichojulikana kwa herufi zake tatu, RDA. Mwishoni mwa miaka ya sitini vilikuwa vimefika kama 17.

Kijiji chetu kilikuwa kimojawapo. Sikitaji jina, kwa sababu watoto wa familia zile bado wanaishi pale. Tulipofika kulikuwa na familia kumi na tisa, ringi ya lori iliyotundikwa kwenye mninga kuwa kengele, na bani moja la kukaushia tumbaku kwa moshi. Harufu ya moshi ule ninayo mpaka leo.

Hatukupokewa kama wanakijiji. Tulipewa kibanda, majembe mawili na maharage, tukaambiwa tukae msimu mmoja. Kila jioni katibu alikaa na taa ya chemli akiandika kwenye daftari nani kafanya kazi siku hiyo na kazi gani. Aliyekuwa mgonjwa aliandikwa, na siku yake ilihesabiwa. Mama aliyejifungua aliandikwa, na siku zake zilihesabiwa. Nilipenda kusimama nyuma ya yule katibu nikiangalia jina la baba yangu likitokea kwenye mstari, kisha la mama kwenye mstari wake mwenyewe.

Baada ya mavuno kikaitishwa kikao chini ya ule mninga. Baba akaulizwa kama anataka kubaki, akajibu anataka. Kisha mzee mmoja akamgeukia mama na kumuuliza swali lile lile. Mama alitazama chini. Hakuwahi kuulizwa swali la namna ile mbele ya watu. Akasema anaomba kufikiri mpaka Jumapili ipite. Baba alishtuka, nilimwona. Lakini kikao kilikubali, na watu wakaendelea na mambo mengine. Jumatatu asubuhi mama akaenda mwenyewe kwa katibu, akamwambia aandike jina lake.

Zipo kumbukumbu nyingi za kijiji kile, ila iliyonirudia kwa nguvu baada ya kusoma zile karatasi ni ya watu kuondoka. Palikuwa na mume na mke waliotaka kurudi kwao, kwa sababu mama wa yule mwanamume alikuwa amebaki peke yake na macho yamemwishia. Walikuwa wamekaa misimu miwili. Daftari likafunguliwa na siku zao zikahesabiwa kwa sauti, jina kwa jina, kila mtu akisikia. Wakapewa magunia matatu ya mahindi, na wakaahidiwa sehemu yao ya fedha za tumbaku zitakapolipwa. Deni la blanketi walilokuwa nalo likafutwa. Vijana wakabeba mizigo yao mpaka barabara kubwa. Mimi nilipewa tenga lenye kuku, nikalibeba kichwani njia nzima huku yule kuku akinichungulia. Fedha za tumbaku zilipotoka, mtu alitumwa kuwapelekea.

Walirudi baada ya miaka miwili, na safari hii walikuja na bibi mwenyewe. Alikuwa akikaa kibarazani kwao akipukuchua mahindi kwa kupapasa, na sisi watoto tulipokezana kumsogezea mengine.

Septemba 1967 Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Ujamaa Vijijini, na sisi tuliokuwa tayari tunaishi hivyo tulijisikia kama tunasomewa barua iliyoandikwa kutuhusu. Andiko lile lilisema wazi kwamba watu hawawezi kulazimishwa kuingia kwenye kijiji cha ujamaa. Mwaka uliofuata, katika andiko lake la uhuru na maendeleo, Mwalimu alirudia wazo hilo kwa undani zaidi: binadamu haendelezwi na mwingine, anajiendeleza mwenyewe.

Septemba 1969 RDA ilipigwa marufuku. Mali zake zilichukuliwa, na walimu wa shule ya Litowa wakahamishiwa sehemu mbalimbali. Mengi yameandikwa kuhusu sababu zake, na Ralph Ibbott, Mwingereza aliyeishi Litowa na familia yake akiwa mshauri wa vijiji vile, alikuja kuandika kitabu kizima kilichotoka mwaka 2014. Mimi nilikuwa mvulana wa miaka kumi na minne. Ninachojua kwa macho yangu ni kwamba daftari liliacha kuandikwa. Hakuna aliyekataza. Jioni moja katibu hakuwasha taa, na ya pili yake pia, tukazoea. Kijiji cha Matetereka kiliendelea na shamba la pamoja kwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo siwezi kusema kila mahali palikufa siku moja. Kwetu shamba la pamoja lilipungua msimu hadi msimu mpaka likabaki jina.

Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Mwaka uliofuata nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, natafuta kazi, nikapata kibarua cha ukarani katika wilaya moja ya mbali na kwetu. Kazi yangu ilikuwa kukaa mezani kwenye kijiji kipya na kuwaandikisha watu waliokuwa wakishushwa kwenye malori. Daftari nililopewa lilikuwa na safu zake tayari: jina la mkuu wa kaya, idadi ya watu, mifugo, namba ya kiwanja. Nilifurahi kupata kazi. Nilijiona nafanya kazi ya yule katibu wa utoto wangu.

Siku ya tatu alishuka bibi mmoja peke yake akiwa amebeba mlango. Ulikuwa mlango wa mbao nzito, mwekundu, wenye bawaba bado zimening'inia na alama za misumari pembeni. Mume wake aliyefariki ndiye aliyeuchonga. Nyumba ilibomolewa, naye akaomba aachiwe kitu kimoja, akachagua ule. Akauegemeza kwenye meza yangu. Nikamwandika: mtu mmoja, mifugo hakuna, kiwanja namba fulani. Alipokuwa anaondoka aligeuka.

"Mwanangu, nikitaka kurudi nimwombe nani ruhusa?"

"Kurudi wapi, bibi?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyesema jambo la kusikitisha. Nikatazama daftari. Hapakuwa na safu ya alikotoka. Kwa mujibu wa karatasi zangu, watu wote wale walikuwa hawajatoka popote.

Ni lazima nitende haki hapa. Takwimu za serikali zilionyesha kwamba kufikia mwaka 1977 watu wapatao milioni 13 walikuwa wakiishi katika vijiji zaidi ya elfu saba. Wengi wao kwa mara ya kwanza walipata shule karibu, zahanati, bomba la maji. Nawajua madaktari na majaji ambao wasingesoma bila shule hizo. Sikubaliani na wanaozungumza kama vile hakuna jema lililotoka pale. Lakini nililiona shamba la pamoja la kijiji kile. Watu walikwenda asubuhi kwa kuitwa, wakalima mpaka msimamizi alipogeuka, wakarudi kwenye vishamba vyao. Jembe ni lile lile na udongo ulikuwa mzuri kuliko wetu wa Songea. Kule kwetu mama alipewa mpaka Jumapili kufikiri. Hapa hakuna aliyeulizwa, kwa hiyo hakuna aliyeitika, na shamba lilionyesha hivyo kwa magugu yake.

Nilidumu kwenye kazi ile miezi minne. Nikaenda chuo cha ualimu.

Jambo la tatu ni dogo, lakini ndilo lililonifungua macho. Mwaka 1979 binamu yangu alikuwa mnovisi kwa Wabenediktini wa kwetu Ruvuma. Wamonaki hao walifika Peramiho mwaka 1898, na karibu kila familia ya mkoa ule ina mtu aliyepita mikononi mwao, shuleni, hospitalini au kwenye karakana. Binamu aliona wito si wake, akaandika barua nyumbani, nikatumwa kwenda kumchukua.

Nilikwenda nikiwa na aibu, nikitarajia watu wenye nyuso za kununa. Bruda mmoja mzee alitupokea, akaingia stoo, akatoka na furushi lililofungwa kwa kamba ya katani na kibandiko chenye jina la binamu. Ndani mlikuwa na suruali yake ya kaki, shati la mistari na kandambili, vile vile alivyoingia navyo, vimefuliwa na kukunjwa. Vilinukia dawa ya nondo. Bruda akatueleza kwamba Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa karne ya sita, inaagiza nguo alizoingia nazo mtu zitunzwe, iwapo siku moja ataondoka. Inaagiza pia asipokewe upesi: asomewe kanuni baada ya miezi miwili, asomewe tena baada ya sita, na tena baada ya minne, na kila mara ajue kwamba njia iko wazi.

Nilikaa kimya ndani ya basi njia nzima. Hawa ni watu wanaoweka nadhiri ya kukaa mpaka kufa. Na ndio wenye stoo ya suruali za watu.

Ningependa kuandika kwamba baada ya kuyaona hayo yote nilikuwa na hekima. Sikuwa nayo. Mwaka 1997, nikiwa mwalimu Dar es Salaam, mimi na marafiki saba tulinunua ekari ishirini upande wa Mkuranga, zenye mikorosho mizee na mwembe dodo mmoja mkubwa. Tulikuwa walimu, muuguzi mmoja, fundi magari, na wenzi wetu. Tuliwalipa ndugu wawili mbele ya mwenyekiti wa kijiji, mkataba ukapigwa muhuri, na kwa urahisi tu tukaandika jina la mtu mmoja kwa niaba ya wote. Mimi nilichaguliwa katibu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mvua za El Nino zilipokata barabara mwishoni mwa mwaka ule, familia tatu zilizokuwa zimeshahamia zilikaa wiki kadhaa zikila muhogo wa shamba la pamoja, na watoto walisema zilikuwa siku nzuri kuliko zote maishani mwao. Tulichimba kisima wenyewe kwa zamu. Kila Jumamosi tulipika chungu kimoja chini ya mwembe.

Kuhusu kuondoka hatukuandika hata sentensi. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Tulikuwa marafiki, na kulitaja jambo lile kulionekana nuksi, kama kuzungumza talaka ukumbini kwenye harusi. Hatukuandika daftari la kazi pia, kwa kuwa marafiki hawahesabiani. Mimi, mtoto niliyekua nikisimama nyuma ya katibu na taa yake.

Mwaka 2001 mtoto wa mwenzetu mmoja aliugua moyo, na matibabu yalitaka fedha nyingi. Akaomba apewe sehemu yake. Tulikaa kikao tangu asubuhi mpaka magharibi. Sehemu yake ni ipi? Alichochanga mwaka 1997, ambacho thamani yake ilikuwa imeshuka? Bei ya ardhi ya siku ile, ambayo ilikuwa imepanda na hakuna kati yetu aliyekuwa na uwezo wa kuilipa? Na kisima je, ambacho kila mtu alijua alichimba yeye kuliko sisi wote, lakini hakuna aliyejua ni kwa siku ngapi? Kila swali lilizaa neno kali. Jua likiwa linazama nilisimama nikamwambia mbele ya mke wake, "Wewe ndiye unayetuvunja."

Nililisema neno lile kwa mtu ambaye mwanawe yuko hospitali.

Aliuza kwa mgeni. Mgeni hakuwa mbaya, alikuwa mtu aliyenunua kiwanja akaweka uzio wa senyenge kama watu wote wanavyofanya, na uzio ukapita katikati ya njia ya kisimani. Baada ya hapo kila mtu alianza kupima chake. Kufikia mwaka 2006 tulikuwa majirani wa kawaida wenye mageti.

Miaka kumi baada ya kikao kile nilikwenda nyumbani kwa yule mwenzangu kuomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaita, na kijana mrefu akatoka ndani na birika la chai, akanimiminia na kunipa kikombe kwa mikono miwili. Nikajua ni yeye. Mkono wangu ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye sosa.

Hayo yote nilimsimulia mpwa wangu aliporudi Jumapili ya pili. Safari hii alikaa.

Nilimwambia kabla hawajalipa hata shilingi waamue ardhi itashikwaje. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua watu kumiliki kwa namna mbili. Kuna namna ambayo mmoja akifa haki yake inabaki kwa wenzake, na kuna ile ambayo kila mmoja ana hisa yake inayokwenda kwa warithi wake. Watu wengi hugundua tofauti hiyo msibani. Ipo pia njia ya kuwa chama cha ushirika, chini ya sheria ya mwaka 2013, na ardhi ikawa ya chama. Ila wasirudie kosa letu la jina la mtu mmoja. Nikamwambia waandike hisa ya anayeondoka itakokotolewaje, na italipwa kwa muda gani, maana ukitaka ilipwe yote siku moja unawaua wanaobaki. Waandike waliobaki wana miezi mingapi ya kununua kabla hajatafutwa mtu wa nje. Waandike wanandoa wakiachana itakuwaje, kila mmoja aulizwe peke yake, kama mama yangu. Na kabla ya yote wakae pamoja msimu mmoja mahali pa kupanga, bila kununua chochote.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mjomba, tukianza na habari za kuondoka, watu hawatajiondokea?"

Nikamkumbusha habari ya tenga la kuku.

Aliyapeleka kwa wenzake, na haikuwa rahisi. Kikao chao kilikuwa kirefu, na wawili wakajitoa pale pale, mke na mume, wakasema hawakuwa wamejua kwamba jambo lenyewe ni zito kiasi hicho. Alinipigia simu usiku akilia. Alidhani nimeliharibu kundi lake. Nilimuuliza kama wale wawili waliondoka kwa ugomvi. Akasema hapana, walikumbatiana na watu wote, na wameomba waje kula Jumamosi.

Wamebaki kumi. Wamepanga nyumba kubwa Pugu kwa mwaka mmoja na watahamia mwezi ujao. Juzi alipita kunionyesha kaunta buku walilolinunua, lenye jalada gumu jeusi. Alikuwa amepiga mistari kwa rula, penseli kwanza halafu wino. Jina, siku aliyoingia, alichokuja nacho, kazi za kila siku. Safu ya mwisho aliiongeza mwenyewe baada ya mazungumzo yetu, akaiandika Alikotoka, na chini yake majina yalikuwa yameshaanza kujaa: Tabata, Mbagala, Kimara, Tabata tena, Songea.